S7-1200 kwa maabara ya chuo: chukua ya DC/DC/DC

Kwa meza moja ya wanafunzi watatu au wanne, Siemens S7-1200, yaani PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo), yenye CPU 1214C (kizazi cha kwanza, si kipya cha G2) inatosha. Ina njia 14 za kupokea ishara, 10 za kutoa na mbili za kupokea analogi (ishara inayopanda na kushuka, si ya kuwaka na kuzima tu). Konveya ndogo, silinda mbili za upepo na sensa zake zote zinaingia, na nafasi inabaki.

Makosa huanzia kwenye oda. Toleo la AC/DC/Rly (umeme wa kuiendesha ni AC, hupokea ishara za DC, hutoa kwa relei, yaani swichi za sumaku) huvutia kwa kuwa linaunganishwa moja kwa moja na umeme wa 230 V. Liache. Relei zake hazimudu mapigo ya kasi, hivyo somo la stepa mota (huzunguka hatua moja kwa kila pigo) linafia hapo. Na 230 V si ya kuweka karibu na vidole vya anayejifunza. Ya DC/DC/DC (umeme, kupokea na kutoa, vyote ni DC) inahitaji pawasaplai ya 24 V, lakini hutoa mapigo hadi 100 kHz. Draiva nyingi za stepa za bei nafuu hutaka ishara ya 5 V: weka rezista ya 2 kΩ kwenye kila waya wa ishara, la sivyo zitaungua.

Kwenye waya, programu husingiziwa sana. Taa ya kutoa inawaka ila vali haisogei? Angalia kama 3L+ na 3M, terminali za kulisha njia za kutoa, zimepewa umeme. Sensa ya PNP (inayotoa +24 V ikiona kitu) inaona kitu, CPU haisomi? Unganisha 1M (waya wa pamoja wa njia za kupokea) na M (hasi ya 24 V). Kila njia ya kutoa hubeba 0.5 A tu; mota ipitie kwenye relei.

Analogi hupokea 0–10 V pekee. Sensa ya 4–20 mA iwekewe rezista ya 500 Ω, ipate 2–10 V, ambayo CPU huisoma kama namba 5530 hadi 27648. Anayeanza hesabu kwenye sifuri ataona tangi tupu limejaa asilimia 20.

TIA Portal, programu ya Siemens ya kuandikia PLC, ni nzito; chini ya RAM ya 16 GB darasa zima litakaa likisubiri. Maabara yote itumie toleo moja, maana mradi wa toleo jipya haufunguki kwenye la zamani. Wasio na konveya halisi watumie Factory I/O, programu inayoiga kiwanda kwenye kompyuta, lakini waruhusu kwanza PUT/GET (ruhusa ya programu nyingine kusoma na kuandika data ya CPU) kwenye mipangilio ya CPU.

Upungufu unaokera: hakuna analogi ya kutoa. Kwa somo la kubadili kasi ya mota kwa inveta (kifaa cha kurekebisha kasi ya mota), ongeza bodi ya SB 1232. Inachomekwa usoni pa CPU na kutoa ±10 V au 0–20 mA.