The Hunger Games: kitabu cha mtoto kilichonikesha mbalamwezi nzima

Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo hapa Kibirizi, Kigoma, panapoa. Mitumbwi inalala ufukweni, na sisi tunaoanika dagaa vichanjani tunabaki kufukuza kunguru na kukumbushana madeni. Siku hizo ndizo nilizosoma kitabu hiki, na nisingekisoma kama kungekuwa na kazi.

Ni cha binti wa kaka yangu, yuko kidato cha nne. Alikinunua soko la Mwanga, mtumba, shilingi elfu sita, jalada jeusi lenye ndege wa dhahabu. Akanisukumia: "Shangazi, jaribu kurasa kumi tu." Nikamuuliza kinahusu nini. Akasema watoto wanafungiwa porini wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inawatazama kwenye televisheni. Nikamrudishia. Mimi nina miaka arobaini na saba na riwaya zangu ni za upelelezi, mtu mzima kamuua mtu mzima mwenzake kwa sababu ya shamba. Watoto kuuana nikisome ili nipate nini?

Alikiacha juu ya ndoo ya mawese. Usiku wa pili umeme ukakatika, nikawasha taa ya sola, nikakichukua.

Kimeandikwa na Mmarekani, Suzanne Collins, kikatoka 2008. Nchi inaitwa Panem, imeota juu ya magofu ya Amerika Kaskazini. Kuna mji mkuu unaokula na kusaza, Capitol, na wilaya 12 zinazoulisha. Wilaya ziliwahi kuasi, na adhabu yake ndiyo hiyo michezo: kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa kuanzia miaka 12 hadi 18. Anayesimulia ni Katniss, wa miaka 16, kutoka Wilaya ya 12 wanakochimba makaa ya mawe.

Kilichonikamata si mapanga. Ni hesabu. Mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia kwenye bahati nasibu ya kuchagua wa kupelekwa mchezoni mara moja, mwaka unaofuata mara mbili, hivyo hivyo mpaka mara saba. Lakini kama kwao kuna njaa, anaruhusiwa kuongeza jina lake ili apewe nafaka na mafuta kidogo ya kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Wanaiita tessera. Katniss amechukua ya kwake, ya mama yake na ya mdogo wake, kila mwaka tangu ana 12. Nilichukua kalamu ya daftari la mikopo: tano za umri, kumi na tano za chakula, jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, nyumba ya watu watano, yeye ana 18: limo mara 42. Mtoto wa tajiri limo mara saba tu akifika umri huohuo. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Hapo ndipo nilipojua mwandishi huyu anaujua mkopo, maana mimi nimeshaona watu wakiweka rehani nyavu ili wale, halafu wanakwenda ziwani na nini?

Halafu kuna mkate. Baba yao alikufa kwenye mlipuko mgodini, mama akanyamaza kama mtu aliyezimika, na mtoto wa mwoka mikate, Peeta, akaunguza mikate miwili kwa makusudi, akapigwa na mama yake, akamrushia Katniss aliyekaa kwenye mvua. Katniss hajawahi kumshukuru, na deni hilo linamwasha kuliko njaa yenyewe. Nilifunga kitabu kidogo. Sisi tulikuwa na jirani Ujiji aliyetuletea maharage "yaliyozidi". Hayakuwahi kuzidi.

Mchezo unapoanza, Katniss na Peeta wakiwa ndani, katikati ya uwanja wanaweka pembe kubwa ya dhahabu imejaa vyakula na silaha. Watoto wanaikimbilia, na siku hiyohiyo wanakufa 11 kati ya 24. Nikaikumbuka taa yetu ya mtumbwini, jinsi dagaa wanavyojileta wenyewe.

Kasoro zipo. Mapenzi ya Katniss na Peeta pangoni yanarefushwa, mabusu kila ukurasa, nikaruka. Karibu na mwisho kuna majibwa ya maabara ambayo kwangu yaliharibu ladha. Kitabu kilikuwa kinatisha vizuri kwa watu tu. Na msichana anayejua kuwinda, kupanda miti na kuchimba mizizi anachukua muda mrefu mno kuelewa kwamba kijana anampenda kweli. Ila Rue, kile kitoto cha Wilaya ya 11, sisemi zaidi. Niliamka asubuhi macho yamevimba, mwenzangu wa kichanja cha pili akadhani nimefiwa.

Kiingereza chake si kigumu, sentensi fupi, kamusi niliifungua mara chache. Aliyemaliza sekondari atakipita vizuri. Mtoto wa darasa la tano nisingempa.

Giza limerudi, dagaa wanashuka, nimebanana. Lakini simulizi ya Katniss ina vitabu vitatu, na cha kwanza kinakatia pabaya. Cha pili kipo Ujiji kwa rafiki wa huyu binti, naye hakiazimishi bila amana. Nimempelekea kilo mbili za dagaa, wale wa jua safi.