Dalea ornata: mbegu za bonde moja au za kuchanganya?

Dalea ornata ni mmea wa jamii ya mikunde unaojiotea kwenye nyika kavu za magharibi mwa Marekani, kama Oregon, Washington na Idaho. Chukua mbegu za mabonde tofauti, zipande shamba moja, udongo na maji yale yale: bado kuna mimea itakayowahi kuchanua na mingine itakayojaza majani kwanza. Basi tofauti hiyo ni ya kurithi.

Kwa anayeotesha upya nyika iliyoungua, mbegu za kundi la karibu, yaani mimea ya bonde moja la jirani, zina faida kubwa: zimezoea baridi na ukame wa pale, na huchanua nyuki wa huko wakiwapo. Ila kundi likiwa dogo, mimea huzaana ndugu kwa ndugu na uzao hudhoofika. Halafu kuna mbawakawa wanaokula mbegu zingali kwenye mmea, basi unachovuna ni kiduchu.

Mbegu za kuchanganya, za mabonde kadhaa pamoja, hupatikana kirahisi zaidi na hubeba sifa nyingi, ingawa baadhi hazifai hapo.

Mimi ningeanza na za karibu, nichanganye zikipungua tu. Zozote utakazochagua, zikwaruze kwa msasa kwanza. Ganda lake gumu halipitishi maji.