Huduma ya kusafisha maji ya kinu cha zeituni: uzoefu wangu Puglia

Nyota 3 kati ya 5.

Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Puglia, kusini mwa Italia, kwenye familia yenye kinu kidogo cha kukamua zeituni. Mashine yetu inatoa mafuta, makapi, na maji meusi yanayonuka, karibu lita 1,000 kwa kila tani ya zeituni. Sheria ya mwaka 1996 inaruhusu kuyamwaga shambani yalivyo, mradi usizidishe mita za ujazo 80 kwa hekta kwa mwaka (vinu vya zamani vya kushindilia, 50), na usimwage penye mboga. Sisi tulitaka kuyapitisha kwenye mipira ya matone kumwagilia mizeituni michanga. Yakiwa mabichi yanaziba matundu yote, ndiyo maana tukaita kampuni.

Wanaengua mafuta yaliyobaki juu, wanatia chokaa, yanatulia, kisha yanachujwa kwa mchanga. Chokaa hushusha tope pamoja na sehemu ya polifenoli, kemikali za asili za zeituni, ambazo ndizo zinazozuia mbegu kuota. Yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Sawa tu, sikutegemea maji ya kunywa.

Shida ilikuwa pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Mabichi yalikuwa karibu 5. Baada ya chokaa yakapanda kupita 11, na mafundi wakaanza kufungasha vyombo! Nikagoma, maana ya kumwagilia hutakiwa yawe kati ya 6.5 na 8.4. Wakarudi kuyarekebisha bila kudai nyongeza. Hapo nawapa heko.

Sikuridhika na karatasi ya vipimo, nikaotesha mbegu za figili kwenye sahani. Za maji ya kisima zikaota upesi. Za maji yao zikasuasua, chache tu. Nilipoyazimua kwa maji ya kisima zikaota vizuri, basi tunayatumia hivyo. Potasiamu imebaki na miti inaipenda, ila chumvi nayo imebaki, kwa hiyo udongo naupima kila mwaka.

Hawakutuambia habari ya tope. Ni jingi, na bei yao haikuhusu kulizoa. Tulikodi boza kwa hela yetu. Mama mkwe bado ananicheka kwamba nalipia kuosha matope. Halafu kuna kuhifadhi: tunakamua kuanzia Oktoba hadi Desemba, miti ina kiu Juni hadi Agosti. Tangi lenye mfuniko lilitugharimu kuliko usafishaji wenyewe.

Kama una ardhi ya kutosha na humwagilii kwa matone, hela yako kaa nayo. Mimi nitawaita tena, ila safari hii tope liandikwe kwenye mkataba kabla hawajashusha mashine.