DistroKid kwa msanii wa Uganda: ada nafuu, kazi ya ofisi ni yako mwenyewe

DistroKid, huduma ya mtandaoni ya kusambaza muziki iliyoanza 2013, inapeleka nyimbo Spotify, Apple Music, Boomplay na kwingineko. Unalipa ada ya mwaka, unapakia nyimbo bila kikomo, na mapato ya kusikilizwa yanakuja bila kukatwa kamisheni. Msanii wa Kampala anayetoa wimbo kila mwezi atapata faida. Anayetoa mmoja kwa mwaka ataumia, maana ada ile ni kama kodi ya fremu ya duka: ukiacha kulipa, nyimbo zinaweza kuondolewa, isipokuwa umelipia nyongeza ya kuzibakiza. Huyo bora aende CD Baby, huduma nyingine ya usambazaji, inayotoza mara moja kwa kila toleo kisha inakata asilimia 9 ya mapato.

Mpango wa bei ya chini kabisa hatuushauri. Haukuruhusu kuchagua tarehe ya wimbo kutoka, na wahariri wa Spotify, wanaochagua nyimbo za kuweka kwenye orodha zao, wanataka wimbo uwafikie angalau siku 7 kabla ya kutoka. Lipia mpango unaofuata, upakie wiki 4 mapema.

Faili la sauti liwe la aina ya WAV, 44.1 kHz, na jalada liwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000. Hapo kwenye jalada ndipo kazi nyingi hurudishwa: tumezoea mabango ya shoo, tunaweka namba ya simu ya kukodi msanii, jina la Instagram na nembo ya mdhamini. Maduka ya muziki mtandaoni hayapokei jalada la namna hiyo. Weka picha, jina lako na jina la wimbo, basi.

Kilicho bora ndani ya DistroKid ni mgawanyo wa mapato. Unaandika, tuseme, msanii 60, prodyuza 25, aliyeshirikishwa 15, na kila mmoja anapokea chake kwenye akaunti yake. Ugomvi wa nani amekula hela ya nani unapungua sana. Ila asilimia za kwenye skrini hazisemi rekodi ni mali ya nani; mkataba wa maandishi utangulie, usainiwe kabla ya kuingia studio.

Nyongeza ya kulinda wimbo YouTube, inayotambua video zinazotumia wimbo wako na kudai mapato yake, ina ada yake na inachukua asilimia 20 ya mapato ya matangazo. Usiiwashe kama mdundo umeukodi mtandaoni bila haki ya peke yako: utawafungia wenzako walioukodi kihalali, na dai litakurudia.

Kuhusu fedha, jaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mapato yanayotoka Marekani hukatwa asilimia 30. Kutoa pesa nako kuna makato, acha zijae kwanza. Na tangu 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi na Spotify.

Mirabaha ya redio, baa na hoteli za hapa nyumbani DistroKid haikusanyi. Hiyo ni kazi ya UPRS, chama cha Uganda cha kukusanya mirabaha ya muziki. Jiunge na uorodheshe kila wimbo. Hakimiliki yenyewe inasajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili.

Ukitaka kuhama siku moja, nakili ISRC ya kila wimbo, yaani namba ya utambulisho wa rekodi, zile herufi na tarakimu 12. Pakia kwingine faili lile lile kwa ISRC ile ile, subiri lionekane, ndipo ufute la zamani. Ukikosea hapo, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sifuri.