Zamu ya usiku nawapa nyota 5, ya mchana 3: uzoefu wangu wodini baada ya opareshini

Nilifanyiwa opareshini ya kidole tumbo, ile ya kupasuliwa kabisa sio ya matundu, nikalazwa siku tatu. Daktari simuongelei maana jumla nilimuona kama dakika kumi hivi, nawaongelea manesi.

Nimetoka thieta nusu kaputi bado iko kichwani, kila nikipitiwa na usingizi naskia mkono unabanwa, presha. Kila baada ya dakika 15, afu ikawa nusu saa, afu saa zima. Mara niambie jina lako, mara maumivu ni ngapi kuanzia 0 mpaka 10, mara umeshakojoa? Nilichukia jamani, mtu katoka kupasuliwa anataka alale we unamuuliza habari za mkojo.

Usiku akaingia sista mmoja mtu mzima, akaangalia bandeji, kavu. Nikajua kamaliza anaondoka, kumbe anapitisha mkono chini ya mgongo wangu, ukatoka na damu! Damu inafata mteremko, juu unaona pasafi huku shuka la chini limelowa. Presha yangu ilikuwa nzuri tu ila mapigo alishayaona kwenye chati yanapanda kidogo kidogo tangu jioni, akasema mapigo ndo hutangulia, presha ikija kushuka ujue umeshachelewa. Akakandamiza pale, daktari akaitwa, kumbe ni kamshipa ka karibu na ngozi, kakashonwa basi. Toka hapo nikawa nanyoosha mkono mwenyewe hata kabla hajasema.

Asubuhi huyo huyo akanisimamisha nitembee, eti damu isigande miguuni, na akanifundisha kukumbatia mto tumboni ndo nikohoe. Huo mto umenisaidia kuliko sindano, sitanii.

Sasa mchana. Wakati wanapokezana zamu dawa yangu ya maumivu ilichelewa masaa mawili, nabonyeza kengele weee, niko 8 kwenye hiyo 10 yao na hakuna anayekuja. Na siku ya kuruhusiwa nikapewa karatasi tu, mambo ya mshono kuwa mwekundu, usaha, homa au mguu kuvimba ni yule sista wa usiku ndo alishaniambia kwamba nikiona nirudi haraka.

Na lile swali la kama umejamba mtaulizwa tu, wanataka kujua utumbo umeamka. Mi nilijibu siku ya pili jioni, na wodi nzima ilisikia jibu.