Tahadhari kwa wanunuzi wa kamba mawe Malindi na Lamu: mikia ya bei nafuu isiyolingana na safari yake

Ninaandika tahadhari hii kwa wapishi wa shughuli, wenye mikahawa na yeyote anayeagiza kamba mawe, yule kamba mkubwa wa miambani aitwaye lobster kwa Kiingereza, kwa simu hapa Malindi. Kuna mtu anayejitambulisha kuwa dalali wa Kizingitini, kisiwani Pate, ambaye mwezi Julai alinitoza shilingi 24,000 kwa mzigo ambao sehemu kubwa haikuwa kamba mawe kabisa. Simtaji kwa jina, kwa kuwa majina aliyonipa ni mawili na naamini yote ni ya uongo. Nitaeleza jinsi alivyoifanya kazi yake, pamoja na alama ambazo, kama ningezisoma kwa utulivu, zingeniokoa kabla sijatoa hata senti.

Nilikuwa na karamu ya harusi. Yeye akaniambia kwamba ana mikia mitupu, imekatwa vichwa na kugandishwa, kilo 15, kila kilo shilingi 1,600. Nilituma arubuni ya 12,000 kwa M-Pesa, na nusu iliyobaki nikailipa stendi baada ya kufunua katoni na kuona safu ya juu imepangwa mikia mizuri, minene, yenye rangi ya kijani na buluu. Chini ya safu hiyo nilikuja kukuta mambo mengine nyumbani, na kufikia wakati huo simu yake ilikuwa haipatikani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu, nami ni mtu ninayeishi kwa hesabu za jikoni. Mkia wa kamba mawe ni kama theluthi moja ya uzito wake wote. Kwa hiyo, ili upate kilo moja ya mikia, lazima wakatwe kamba wazima wapatao kilo tatu. Wiki ileile shemeji yangu aliyeko Kizingitini aliniambia kwamba pale dikoni, yaani ufukweni mashua zinapotia nanga, mvuvi alikuwa akilipwa shilingi 1,400 kwa kilo ya kamba mzima. Mikia halisi, basi, isingeweza kushuka chini ya shilingi 4,200 hata kabla ya kununua barafu, kulipa boti na kulipa basi. Mtu anayekuuzia mikia kwa bei iliyo karibu na ya kamba mzima ama ameiba, ama anakuuzia kitu kingine. Hakuna njia ya tatu niijuayo.

Bei ya kamba mawe hupanda kadiri anavyosogea mbali na mwamba alikotolewa. Kiunga na Kizingitini ndiko bei huwa ya chini, kwa sababu tajiri anayenunua pale bado ana gharama zote mbele yake. Akifika Lamu mjini bei huwa imeshaongezeka, Malindi inaongezeka tena, na Mombasa na Nairobi mnunuzi analipia barafu, njia, vifo vya njiani na faida ya mikono yote aliyopitia. Aliye hai ana bei yake, kwa sababu anaweza kusafirishwa kwa ndege akiwa hai. Aliyekufa au aliyekatika miguu hushuka daraja palepale kwenye mizani. Halafu kuna majira. Julai ni kusi, majira ya upepo wa kusini, bahari ya nje imechafuka, maji yana ukungu na wazamiaji hukaa siku nyingi bila kutoka, ilhali wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, maji hutulia na mtu huona mpaka ndani ya pango. Dalali aliyekuwa akiniahidi mzigo kila siku katikati ya kusi, tena kwa bei ya chini kuliko ya kaskazi, alikuwa akinieleza bahari nisiyoijua.

Hata saa zake hazikulingana. Katoni ilifika Malindi saa mbili asubuhi, naye akaapa kwamba kamba wale walizamiwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Kutoka Kizingitini mzigo hupanda boti mpaka Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen, na mikia ile ilikuwa imeganda kama jiwe. Vitu hivyo vyote haviingii katika usiku mmoja.

Sasa nije kwenye mnyama mwenyewe. Kamba mawe wa bahari yetu, ambaye wengine humwita kamba koche, hana magando makubwa. Silaha yake ni papasi mbili, zile pembe za kupapasia mbele ya kichwa, ndefu, nene, zenye miiba, na miiba mingine juu ya kichwa. (Ukiagiza, taja jina zima, kwa maana ukisema "kamba" peke yake unaweza kuletewa wale wadogo wa wavu, na muuzaji akakujibu kuwa hakudanganya.) Anayeonekana sana Lamu ni yule mkubwa wa kijani na buluu, mwenye miguu ya mabaka ya pingili na mgongo wa mkia ulio laini usio na mifereji. Yupo wa mistari myeupe inayokatiza mkia na papasi zenye waridi kwenye shina, yupo wa kahawia mwenye vidoa vyeupe vidogo, na wengine wana mfereji uliopita katika kila pingili ya mkia. Wote ni kamba mawe, na wote mkia wao ni wa mviringo mgongoni.

Nilichokikuta chini ya katoni ni mikia ya jamaa yao bapa, yule ambaye badala ya papasi ndefu ana vibamba viwili vipana mbele ya macho, mfano wa majembe madogo. Analiwa, na si mbaya, lakini hauzwi kwa bei ya kamba mawe. Kichwa kikishakatwa vile vibamba havionekani, na ndiyo maana tapeli hupenda mikia mitupu. Mkia wake utautambua kwa gamba: ni pana, limelala, rangi ya kahawia, na ukilipitisha kidole linakwaruza kwa vinundu vidogo.

Iliyobaki ilikuwa mikia midogo. Hapa Kenya hairuhusiwi kuvua wala kuuza kamba mawe aliye chini ya gramu 250, wala jike mwenye mayai. Mkia wa kamba wa gramu 250 una kama gramu 80, na mingi ya mikia yangu haikufika hapo. Kwenye baadhi, nywele za vile vijiguu vya chini ya mkia zilikuwa bado zimeshika punje za rangi ya chungwa, dalili kwamba mayai yalikuwa yamekwanguliwa kwa kisu. Kwa hiyo, mbali na kuibiwa, nilikuwa nimebeba mzigo ambao ofisa wa uvuvi angeweza kunikamata nao.

Nilipoiyeyusha juu ya chekecheo, kilo 15 zikawa kilo 10 na gramu 400. Tofauti ilikuwa barafu. Nyama ya mikia kadhaa ilikuwa imelegea kama uji mzito, jambo linalotokea kamba anapokufa na kukaa na kichwa chake kabla ya kukatwa. Kamba aliyepikwa akiwa hai hukunja mkia chini ya tumbo, na ukiunyoosha unarudi. Aliyepikwa akiwa maiti mkia wake hulala tu. Tahadharini pia na wale wanaouzwa wakiwa wameshakuwa wekundu, kwani wekundu huletwa na moto na huficha rangi ambayo ingekueleza ni kamba gani.

Nilipomlalamikia kwa namba nyingine, alinijibu, "Dada, bei ya dunia ndiyo hiyo," akanitumia orodha ya bei za Marekani. Bei zile zilikuwa za ratili, yenye gramu 454, si za kilo, na zilikuwa za kamba wa maji baridi wa jimbo la Maine, ambaye ni mnyama mwingine mwenye magando. Hata huko bei haitulii: mwaka 2021 wavuvi wa Maine walilipwa wastani wa dola 6.71 kwa ratili, na mwaka uliofuata ikashuka chini ya dola 4. Haihusiani na diko la Kizingitini.

Nimeshatoa taarifa polisi pamoja na ujumbe wa malipo, na nimewaeleza viongozi wa BMU ya hapa, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Mtu huyu bado anauza, kwa jina la pili na namba mpya, na sasa anawalenga wanunuzi wa Nairobi. Picha anayoiweka ni ileile niliyoiona tangu siku ya kwanza nikadhani ni pambo tu: kamba anayedaiwa kutoka Lamu, juu ya meza ya mbao, ana magando mawili makubwa yaliyofungwa mipira ya manjano.