Fundi wa magitaa wa Kondele kanitolea mvumo, sauti imebaki
Kama unapiga benga na gitaa la pikapu za koili moja (pikapu ni kile kinasa sauti cha chini ya nyuzi) unajua ile nguuu inatoka kwa spika ukiachilia nyuzi, mimi imenisumbua miaka, haswa kanisani kwetu hapa Kisumu karibu na zile taa za mirija. Nilienda nikitaka hambaka, ile pikapu ya koili mbili inayoua mvumo, fundi akakataa kabisa, akaniambia buda utapoteza ule mlio mkali wa nyuzi nyembamba na benga ni hizo nyuzi, na ni kweli. Akabandika tepu ya shaba ndani ya tumbo la gitaa lote, akachomelea waya mpaka kwa arthi, alafu pikapu ya katikati akaweka ingine imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, so swichi ikiwa namba 2 ama 4, yaani pikapu ya katikati ikilia pamoja na jirani yake, zile koili mbili zinauana mvumo, kimya kabisa! Nikitumia pikapu moja bado kuna kamvumo kadogo ka stima, 50 Hz haizuiliwi na shaba, lakini mikwaruzo imeisha na sauti ni ileile. Alichelewa siku mbili, hiyo iliniuma juu nilikuwa na shoo. Bado nitarudi na besi yangu.